Vumbi la Kangaga

Jumapili, jioni. Mvua imenyesha tangu tulipotoka kanisani, ikakatika, na sasa mawingu yamejipanga tena upande wa Ushirombo. Kuku wameingia bandani mapema. Naandika kwa haraka, kwa hiyo mkikuta herufi zimerukwa, mnivumilie.

Naogopa.

Nimeandika neno hilo, nikalifuta, nikaliandika tena. Huwa siandiki mambo ya nyumbani hapa. Wachache mnaopita kwenye ukurasa huu mmezoea picha zangu za mimea na maelezo marefu kuhusu majani, ambayo nadhani hamyamalizi. Leo pia ni habari ya majani. Ila safari hii kuna watu ndani yake, na mmoja wao ni kaka yangu Mabula.

Tangu nimalize mtihani wa kidato cha nne nimekuwa nikienda kwenye mlima wa mawe ulio nyuma ya mashamba yetu. Kuuita mlima ni kuupa heshima tu. Ni majabali yaliyobebana, mengine makubwa kuliko nyumba, na katikati yake kuna vichaka na pimbi. Watu wa huku wakitazama pale wanaona mawe. Mimi naona makangaga.

Kangaga mnalolijua ninyi ni lile kubwa la mtoni, linalopenda kivuli na maji. Haya ya kwangu yanaishi kwenye mwamba, juani, kwenye nyufa ambazo hata kidole hakiingii. Mengi hayazidi kiganja cha mtoto. Kiangazi yanajikunja kama jongoo aliyeguswa, yanakuwa ya kahawia, na ukiyashika yanavunjika kama tumbaku. Ungeapa yamekufa. Halafu mvua ya kwanza inanyesha, na asubuhi yake yamefunguka, mabichi kabisa.

Mara ya kwanza niliyahesabu kuwa aina mbili, moja kavu na moja mbichi. Madamu alicheka mpaka akakohoa. Nimeihifadhi ile sauti kwenye simu, huwa naisikiliza nikiwa na huzuni.

Madamu ni mwalimu wangu wa baiolojia. Siku tulipoagana shuleni alinipa lenzi yake ndogo, ile ya kukunja, akaniambia nimtumie picha kila nikipata kitu. Ana sheria moja. "Limi, ukinitajia jina kabla hujageuza jani, sikusikilizi." Kangaga halina ua wala tunda. Karibu kila kinacholitambulisha kiko mgongoni mwa jani. Je, spora, lile vumbi linalokaa mahali pa mbegu, zimekaa katikati au zimefuata ukingo? Ukingo umejikunja kuzifunika, au uko wazi? Na ule mgongo, una unga, una manyoya, au una magamba? Mimi ambaye siwezi kumtazama mtu usoni naweza kukaa na mgongo wa jani moja mpaka miguu ife ganzi.

Mpaka sasa nimepata aina nne. La kwanza lina kikonyo cheusi kinachong'aa kama waya, na vijani vigumu vya rangi ya majivu. Hilo ni Pellaea. La pili ni kama mti wa mvumo uliopunguzwa mpaka ukaenea kwenye kisanduku cha kiberiti, nalo linaitwa Actiniopteris. Hilo ndilo ninalolipenda kuliko yote, sijui kwa nini, labda kwa sababu linajikaza kuwa mti. La tatu lina unga mweupe mgongoni. Ukilibana kwenye mkono linaacha picha yake, kama limechorwa kwa unga wa muhogo. Madamu ameliweka kwenye kundi la Cheilanthes.

La nne halina jina. Mgongo wake una rangi ya kutu. Nimelikuta mahali pamoja tu, chini ya lile jabali kubwa lililoinama, ambalo wachunga mbuzi hujikinga mvua. Nimelitazama kwa lenzi mpaka jicho likatoa machozi. Nadhani ni magamba, si manyoya, kwa sababu ni bapa na yana ncha. Madamu aliniambia nipate majani yaliyokomaa pamoja na spora zake, nivikaushe vizuri, naye atavipeleka kwa mtu anayemfahamu chuoni. "Huenda ni la kawaida tu," alisema. "Lakini hatujui. Hapo ndipo kazi inapoanzia."

Basi nikaanza kukusanya spora. Nieleze jinsi inavyofanywa, kwa sababu balaa lote limetokea hapo. Unachukua jani lililokomaa, unaliweka juu ya karatasi nyeupe, unaligonga taratibu kwa kucha. Linadondosha vumbi la kahawia, laini sana, ambalo juani linameremeta. Unainamisha karatasi ili vumbi lijikusanye kwenye mkunjo. Unalitazama kwa lenzi. Halafu unaikunja karatasi, pembe zikiingia ndani, iwe kipakiti kidogo kisichomwaga, na unakitia mfukoni.

Sasa fikiria wewe ni mchimbaji wa dhahabu, unapita chini ya mlima, unamwona msichana anafanya hayo yote.

Mimi sikufikiria. Nimezaliwa huku. Nimewaona wanunuzi sokoni wakiinamisha karatasi zao juani, lenzi jichoni, wakikunja vipakiti vile vile. Na bado sikufikiria.

Aliyeniona, siku ya Alhamisi, anaitwa Chuma, rafiki wa Mabula, wanachimba pamoja. Ijumaa, jua likizama, walikuja wote wawili nyumbani. Chuma alimwamkia Mama kwa adabu zote, akaketi kwenye kigoda, akaanza kunitazama akitabasamu.

"Dada Limi. Habari za mlimani?"

"Nzuri."

"Mama Mabula, umezaa sonara hujui. Sisi tunazeeka mashimoni, kwenye maduara, hatujawahi kumiliki lenzi. Huyu kamaliza shule juzi, tayari anayo."

Mama alikuwa anachambua mbegu. "Mwacheni mtoto wa watu. Wenzake wanapanda mahindi, yeye anapanda mawe."

Wakacheka. Nami nilicheka kidogo. Kisha Chuma akaniinamia, akashusha sauti. "Kwenye ile karatasi mlikuwa na nini?" Alisema "mlikuwa", kana kwamba mimi ni mkubwa au tuko kundi.

"Makangaga," nilisema.

"Nini?"

"Vumbi la makangaga."

Walitazamana. Mabula akakuna kichwa. Chuma akainuka, akajipangusa suruali. "Sawa, dada. Makangaga. Hata mimi ningepata, nisingesema."

Kipakiti kilikuwa mfukoni mwangu. Ningekitoa, nikakifungua, nikawaambia shikeni, nuseni, pakeni kwenye kidole. Badala yake niliona uso unawaka, nikaingia jikoni, nikapuliza moto ambao tayari ulikuwa unawaka vizuri.

Huku kwetu mtu aliyepata dhahabu hufanya mambo yale yale. Anakana. Anasema kwa sauti ndogo. Anaingia ndani.

Asubuhi ya jana niliamshwa na nyundo. Nilizisikia nikiwa bado kitandani, chuma kikigonga chuma, na nilijua zinatoka wapi kabla sijavaa. Nilipofika pale vichakani huenda walikuwa kumi au zaidi, na sehemu waliyochagua ni ile ile Chuma aliponiona nimechuchumaa. Chini ya jabali lililoinama.

Mabula alikuwa ndani ya shimo. Nilimtambua kwa raba zake.

Ngoja niseme kwa nini naogopa lile jabali, maana nyumbani nilipojaribu kueleza nilianzia katikati na hakuna aliyenielewa. Kangaga haliwezi kuota kwenye jiwe zima. Linahitaji ufa, na ndani ya ufa linahitaji udongo kidogo. Mimi nimezoea kuyatafuta makangaga kwa kufuata nyufa, kwa hiyo najua nyufa za mlima ule kama ninavyojua mistari ya kiganja changu. Pale kwenye jabali, lile la mgongo wa kutu limeota kwa mstari. Mstari huo unaanzia chini, unapanda, unazunguka kwa nyuma, unatokea upande wa pili. Maana yake jabali limepasuka lote. Kipande cha mbele hakijashikwa na kitu ila uzito wake na ule udongo ulio chini yake.

Na wao walikuwa wanatoa udongo ulio chini yake. Katika mwezi wa mvua.

Wachimbaji wanapenda nyufa, wanasema dhahabu inajificha humo. Kwa hiyo tulikuwa tunatazama kitu kimoja, mimi na wao.

Jana mchana nilimfuata Mabula alipokuja kula. Nilikuwa nimepanga maneno. Nilimwambia jabali lina ufa. Akasema kila jiwe lina ufa. Nikamwambia hakuna dhahabu. Akaniangalia kwa upole, na huo upole ndio ulionivunja nguvu, akasema, "Wewe mdogo wangu una haya, najua. Usijali, sitakutaja kwa watu. Tukipata, utasoma mpaka uchoke mwenyewe." Akala ugali wake wote, akamshukuru Mama, akarudi.

Anachimba kwa ajili yangu. Chini ya jiwe nililomwelekeza mimi mwenyewe.

Nilimpigia Baba, yuko Ibadakuli analinda ghala. Akasema Mabula ni mtu mzima, na kwamba atamwombea. Nilimpigia Madamu, simu yake haikupatikana.

Leo kanisani sikusikia mahubiri. Mvua ilianza tukiwa tunatoka. Wengine walikimbilia barazani, mimi nilikimbilia mlimani na gauni la kanisani. Nilipofika mvua ilikuwa inapungua, na niliona kitu ambacho bado nakiona nikifumba macho. Udongo wa kwenye ufa ulikuwa umeoshwa. Makangaga yangu yalikuwa yananing'inia kwa mizizi, yamefunguka vizuri, mabichi, hayana kitu cha kushikilia. Chini yake, kwenye shimo, zilionekana raba za kaka yangu tu.

Wanaume walikuwa wamejikinga chini ya turubai. Chuma aliniona wa kwanza.

"Mwenye mali huyo! Mpisheni mwenye mali!"

"Dada, tuelekeze basi, tupige kulia au kushoto?"

"Mwone alivyolowa. Anaogopa tutamwibia."

Niliwaamkia. Sauti haikutoka. Kila mtu ananitazama, maji yananichuruzika usoni, na maneno yote niliyoyapanga njiani yamekimbia. Nikaingiza mkono mfukoni, nikatoa kipakiti kile cha Alhamisi, nikakinyoosha mbele. Kwa bahati kilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni.

Vicheko vikakatika ghafla. Hata matone juu ya turubai yalisikika.

"Mabula," mmoja akaita shimoni, "toka, dada yako kaleta."

Akatoka, na alipotoka tu mimi nikapata pumzi. Akaja akijifuta tope. Nikampa kipakiti. Neno moja ndilo lililokuja.

"Osha."

Hakuna haja ya kumfundisha mchimbaji kuosha. Alichukua karai, akamimina maji ya dumu, akafungua karatasi taratibu kama anafungua kidonda, akamwaga vumbi. Wote wakainama. Mimi pia. Akalizungusha karai kwa ule mwendo wao wa viganja, na sote tukalitazama vumbi likizunguka juu ya maji, likijisukuma pembeni, likikataa kuzama kama dhahabu inavyozama.

"Inaelea," mtu alisema.

"Hiyo si kitu," Chuma akasema. "Ikiwa laini sana huelea. Tia sabuni."

Sikujua hilo. Wakatia chembe ya sabuni ya unga, Mabula akazungusha tena. Vumbi likaachia uso wa maji, likaingia ndani. Nikaona macho ya Chuma yanang'aa. Lakini halikwenda chini. Lilizagaa katikati ya maji kama majani ya chai, likapanda, likashuka, halina uzito wowote. Mabula alichovya kidole, akakisugua kwenye kiganja. Likaacha doa la kahawia.

"Majani," alisema. "Ni majani haya."

Mmoja akaanza kucheka, wakacheka wengi. Mwingine akatukana, akaokota koleo lake. Chuma hakucheka. Aliniuliza, na alikuwa anauliza kweli, "Sasa dada, kwa nini hukusema?"

"Nilisema."

"Hukusema hivi."

Nikawaonyesha ufa. Nilizunguka nao mpaka nyuma ya jabali, nikawaonyesha kwa kidole kangaga moja baada ya jingine, mstari mzima. Walianza kukusanya vyombo wenyewe.

Mabula alikumbuka moko yake, ile patasi ndefu, ameiacha ndani. Akageuka kuifuata. Na udongo ukaanza kumwagika shimoni. Haukuanguka kwa kishindo, ulimiminika polepole, kama mtu anayemimina mtama kwenye gunia, na ndani ya jabali kukasikika mlio mfupi, kama meno yanayosagana.

Nilipiga kelele. Sijui nilisema nini. Mama anasema alinisikia akiwa shambani kwa jirani, lakini Mama huongeza chumvi.

Mabula alisimama. Shimo likajaa nusu, huku tukitazama. Moko imebaki humo.

Nilidhani mambo yamekwisha. Tulishuka wote, Chuma akanibebea viatu vyangu, wakawa wananitania kwamba nitaolewa na kangaga. Ndipo simu ya Chuma ikaanza kuita, ikaita tena, na nikaona uso wake unabadilika.

Jana alikuwa amewaambia watu. Marafiki tu, alisema. Wa Buseresere, na wengine wa machimbo ya mbali zaidi. Amewaambia kuna rashi mpya, mahali palipoibuka dhahabu, wawahi kabla hapajajaa. Kesho alfajiri wanakuja na pikipiki, na wakija hao watakuja na wengine wasiowajua hata wao. Amewapigia leo mmoja mmoja akiwaambia hakuna kitu, ni majani. Aliweka spika ili nisikie. Yule wa Buseresere alicheka sana. "Chuma bwana! Jana dhahabu, leo majani? Mmeshiba, mnatufungia mlango. Tuonane asubuhi."

Chuma alinitazama, na kwa mara ya kwanza nilimwonea huruma.

Mama amekwenda kwa mtendaji wa kijiji. Naye amemjibu kwamba atakuja na mgambo, lakini ana kikao kwanza. Sijui kikao huisha saa ngapi. Watu wenye pikipiki hawasubiri vikao.

Mabula ameshauri tukae njiani, pale kijia kinapoanza kupanda, tuwaoshee mbele ya macho yao. Nilifikiri anamaanisha yeye. Akatikisa kichwa. "Mimi nikisimama pale wataona nalinda duara langu. Wewe ndiye uliyeonekana. Waeleze wewe. Mimi nitachota maji."

Kuna tatizo la vumbi. Makangaga mengine bado machanga, mvua ni mpya, hayajakomaa. Lile la mgongo wa kutu ndilo lililotangulia, na mengi yake sasa yako chini ya udongo. Kimebaki kipakiti kimoja, cha kumpelekea Madamu, ndicho ambacho kingempa yule mtu wa chuoni kitu cha kutazama. Nimekaa nacho mezani tangu nianze kuandika. Sijui kama lile kangaga liko mahali pengine popote. Huenda lipo kila mlima. Huenda halipo. Nikilitumia kesho, sitajua, labda kamwe.

Nimekifungua. Nimegawa vumbi kwa ncha ya kisu kwenye karatasi ndogondogo, kila moja chembe ya kutosha karai moja. Wakija wengi halitatosha. Nimempigia Madamu tena kumwambia, bado hapatikani.

Naogopa watakaokuja. Naogopa watanicheka, na naogopa zaidi kwamba hawatasimama hata kunicheka, watapita tu. Naogopa lile jabali, ambalo usiku kucha litakuwa linanyeshewa. Nawaogopa hata wale ambao sijui majina yao, kwa sababu kila mmoja ana raba zake, na nyumbani kwao kuna mtu anayezijua.

Nimefanya mazoezi mbele ya Mama, ambaye huniita mayu, yaani mama. Nimesimama mlangoni kama ninavyotakiwa kusimama kesho, nikasema: "Shikamooni. Naitwa Limi. Mimi ndiye niliyeonekana na karatasi. Jiwe lile limepasuka."

Mama alikuwa upande wa pili wa ua, anafunika kuni. Hakugeuka.

"Sijasikia, mayu," amesema. "Rudia."

Nimerudia. Amesema bado.